Mzigo Mzito, Mashine Ndogo



 Somo letu mara hii si la mbegu wala la mbuzi wa maziwa. Ni la jambo ambalo sisi wa Mfangano tunalifanya karibu kila wiki bila kulifikiria: kutoa kitu kizito ndani ya boti na kukifikisha nyumbani. Simenti, bati, tangi la maji, injini ya boti, gunia la mahindi, vitu hivi vingi hupakiwa Mbita, huvuka maji, hushushwa penye mawe, halafu hupandishwa mlima. Kila hatua ya safari hiyo ina mgongo wa mtu.

Siku hizi mashine ndogo za kunyanyulia zimeanza kuonekana mahali pengi penye ujenzi. Watu wanazifurahia, na sisi pia tulizifurahia. Lakini tulijifunza kwa uchungu, na hatupendi kikundi kingine kijifunze kwa njia hiyo. Kinga ni bora kuliko tiba. Basi someni pamoja, kisha jibuni maswali yaliyo mwisho wa somo.

SIKU KINU KILIPOANGUKA

Kikundi cha akina mama wa kijiji kimoja hapa kisiwani kilikuwa kimeweka akiba kwa miaka mitatu ili kununua kinu cha kusaga unga. Kutoka kijijini kwao hadi kinu cha karibu ni mwendo wa saa moja na nusu, debe kichwani, mtoto mgongoni. Hatimaye fedha zikatosha. Wakanunua kinu na injini ya dizeli ya aina ile ya zamani, yenye magurudumu mawili mazito ya kuzungukia. Injini ya namna hiyo peke yake huweza kupita kilo 300. Pamoja na kinu na fremu ya chuma, karatasi ya muuzaji iliandika kilo 420.

Sisi wa kamati ya maendeleo ndio tuliokabidhiwa kazi ya kukipokea. Mkandarasi mmoja aliyekuwa na kazi kisiwani alituazima trekta lake dogo la kunyanyulia. Dereva wake hakuwepo, kwa hiyo kijana wetu mmoja alifundishwa asubuhi ile ile, dakika kumi hivi, akaambiwa ameiva. Kwenye kibao cha mashine tuliona nambari 500. Tukasema, 420 ni chini ya 500, basi kazi imekwisha.

Boti ikafungwa. Bichi ile ina mteremko, na chini ni mawe yaliyochanganyika na mchanga laini. Trekta likashuka likielekea majini. Mnyororo ukafungwa kwenye fremu ya kinu, na mkono wa mashine ukainuliwa juu ili mzigo upite ukingo wa boti. Mzee mmoja, fundi wa boti, akatuambia: "Vijana, huo mzigo mmeuning'iniza kama kengele. Uwekeni chini kwanza, mpumue."

Mmoja wetu akamjibu, "Mzee, hii ni mashine, si punda."

Dereva akarudi nyuma kidogo, kisha akakata kona kushoto ili ashike njia ya kupanda. Palepale gurudumu moja la nyuma likaacha ardhi. Mzigo ukabembea. Kijana aliyekuwa ameushika kwa mikono ili usizunguke hakuwa na pa kukimbilia. Nyuma yake palikuwa na jiwe kubwa, mbele yake mashine. Kinu kikaanguka, kikamvunja mguu chini ya goti. Dereva naye, ambaye hakuwa amefunga mkanda, aliruka. Ilikuwa bahati tu kwamba aliruka upande wa juu.

Kijana yule alivushwa kwa boti hadi hospitali ya ng'ambo. Kwa miezi mitano hakuweza kuvua wala kulima. Mwili wa kinu ulipasuka, hata fundi akasema haufai kuchomelewa. Tulipokwenda kuwaeleza akina mama, tulitazamia watatulaumu kwa ajili ya fedha zao. Mama mwenyekiti alisema hivi tu: "Kinu tutanunua kingine. Lakini huyu mtoto, mtamwambia nini mama yake?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike somo hili. Mashine haikuwa mbovu. Sisi ndio tulikuwa hatujajifunza.

TREKTA HILI NI LA NAMNA GANI?

Trekta la shambani hukata kona kwa kugeuza magurudumu ya mbele. Trekta dogo la kunyanyulia la aina tunayoisema halifanyi hivyo. Lina sehemu mbili, ya mbele na ya nyuma, zilizoungwa katikati kwa kiungo kama bawaba ya mlango. Dereva akizungusha usukani, mafuta ya haidroliki husukuma chuma, na mashine nzima hujikunja kiunoni. Ndiyo maana huweza kugeuka mahali padogo, kati ya nyumba na nyumba au ndani ya boma. Mashine kubwa za namna hii zilianza kutengenezwa Marekani katika miaka ya 1950. Baadaye viwanda vya Ulaya vikatengeneza ndogo kwa ajili ya mazizi na mashamba.

Mbele kuna mkono wenye ndoo ya kuzolea mchanga. Ndoo yaweza kuondolewa na kuwekwa uma, yaani vyuma viwili virefu vya kubebea mzigo ulio juu ya jukwaa la mbao. Nyuma kuna injini, ambayo pamoja na uzito mwingine ndiyo inayopingana na mzigo wa mbele.

Sasa shikeni neno hili: kule kujikunja kiunoni, kunakotupendeza, ndiko kulikotuangusha.

HESABU YA UBAO WA WATOTO

Mmewaona watoto wakiweka ubao juu ya gogo, mmoja akikaa huku na mwingine kule. Mtoto mdogo aliye mbali na gogo humwinua mkubwa aliye karibu na gogo. Si uzito peke yake unaofanya kazi, ni uzito mara umbali.

Mashine yetu ni ubao huo. Gogo ni magurudumu ya mbele. Upande mmoja kuna mzigo, upande wa pili kuna uzito wa mashine na dereva. Tuchukue hesabu nyepesi ya kufundishia:

Tuseme mashine na dereva wake ni kilo 1,000, na uzito huo umekusanyika sentimita 60 nyuma ya magurudumu ya mbele. Mara 60, tunapata 60,000.

Tuseme mzigo uko sentimita 120 mbele ya magurudumu hayo. Gawanyeni 60,000 kwa 120. Jibu ni 500.

Basi, kilo 500 ndio uzito unaofanya magurudumu ya nyuma yaanze kuinuka, mashine ikiwa imenyooka na ardhi ikiwa tambarare. Si uzito wa kubeba. Ni uzito wa kupinduka! Nambari tuliyoisoma kwenye kibao ilikuwa ya namna hiyo. Maneno madogo yaliyoandikwa chini yake hatukuyasoma.

Endeleeni. Dereva akikata kona, sehemu ya nyuma husogea kando. Haiko tena nyuma kabisa ya mzigo. Tuseme zile sentimita 60 zimekuwa 48. Elfu moja mara 48 ni 48,000. Gawanyeni kwa 120, mnapata 400. Kinu chetu kilikuwa na kilo 420. Kabla hajakata kona tulikuwa ndani ya mpaka kwa kilo 80. Alipokata tukawa nje ya mpaka kwa kilo 20.

Na mnyororo je? Mzigo unaoning'inia hubembea. Ukienda mbele sentimita 20, umbali unakuwa 140. Gawanyeni 48,000 kwa 140, mnapata kama 343. Ongezeni mteremko ulioelekea majini, ambao nao unasogeza uzito mbele. Sasa mnaona kwamba tulikuwa tumeshaanguka kabla ya kuanguka.

Kwa sababu hiyo watengenezaji wa mashine hizi wana kanuni ya kimataifa. Kwa kazi ya ndoo, mzigo wa kazi usizidi nusu ya ule unaoipindua mashine ikiwa imekunjwa kabisa. Katika hesabu yetu, nusu ya 400 ni 200. Hiyo ni mifuko minne ya simenti ya kilo 50. Ndiyo, minne tu! Mkiona ni michache, kumbukeni kwamba mashine haichoki. Itarudi mara kumi.

JUENI UZITO KABLA YA KUNYANYUA

Mtu asiyejua uzito wa mzigo anakisia, na kukisia ndiko kunakovunja miguu. Hizi hapa nambari za kukariri:

Maji: lita moja ni kilo moja. Pipa la lita 200 likijaa maji ni zaidi ya kilo 200, pamoja na pipa lenyewe. Tangi la lita 1,000 lililojaa ni zaidi ya tani moja, kwa hiyo tangi lihamishwe likiwa tupu, sikuzote.

Mchanga: mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ni kama tani moja na nusu au zaidi kidogo. Ukilowa maji ya ziwa unazidi. Mchanga wa bichini hauwi mkavu.

Mawe: jiwe gumu lenye futi moja kila upande ni kama kilo 70. Linaonekana dogo, lakini ni mtu mzima huyo.

Injini ya boti ya nguvu za farasi 15: karibu kilo 40. Mtu mmoja huiweza mahali pakavu, lakini akiwa majini juu ya mawe yenye utelezi, wawili ni afadhali.

Kama mzigo una karatasi ya muuzaji, isomeni. Kama hauna, mpigieni muuzaji simu. Bei ya simu ni ndogo kuliko bei ya mguu.

KANUNI ZA MWENYE KUENDESHA

1. Fungeni mkanda wa kiti. Mashine yenye paa au fremu ya chuma juu ya dereva imetengenezwa ili ikipinduka isimponde, lakini inamlinda yule aliyebaki kitini tu. Anayeruka mara nyingi huangukiwa na mashine yenyewe. Mashine isiyo na fremu wala mkanda isipelekwe penye mteremko kabisa.

2. Kagueni ardhi kwa miguu kwanza. Mwaka 2020 ziwa letu lilipanda hadi kupita kidogo hata kipimo cha 1964, na bichi nyingi zikazama. Palipozama na kukauka baadaye huonekana pagumu juu, kumbe chini ni laini. Gurudumu moja likizama, mashine imeshainama upande.

3. Uzito uwe karibu na chini. Ingizeni uma mpaka mwisho ili mzigo uguse mgongo wa uma. Mkisha kunyanyua, shusheni mpaka kama shubiri moja au moja na nusu kutoka ardhini, ndipo mwende. Msitembee na mzigo uliopo juu.

4. Jihadharini na katikati. Mkono wa mashine nyingi ukipanda huenda kwa duara. Unapokuwa umelala sawa, nusu ya safari, ndipo mzigo unakuwa mbali kabisa na magurudumu. Mzigo ulionyanyuka vizuri chini waweza kuiinamisha mashine hapo katikati. Nyanyueni polepole, na mkihisi nyuma inakuwa nyepesi, shusheni.

5. Penye mteremko, mzigo uelekee juu. Kupanda, nendeni mbele. Kushuka na mzigo, rudini kinyumenyume. Msipite mlima kwa ubavu, na msikate kona katikati ya mteremko. Kama pa kugeukia ni hapo hapo mteremkoni tu, basi mahali hapo si pa mashine.

6. Nyoosheni mashine kabla ya kunyanyua na kabla ya kushusha. Kona ikatwe polepole, mzigo ukiwa chini.

7. Msining'inize mzigo kwa mnyororo kwenye meno ya ndoo. Mnyororo huteleza. Kama hapana budi kuning'iniza, tumieni ndoano iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na mnyororo uliokaguliwa, na mzigo uongozwe kwa kamba ndefu. Anayeshika kamba asimame mbali, asiushike mzigo kwa mikono.

8. Mashine si matatu. Hakuna kupanda ndoo, hata kama ni kuchuma maembe, hata kama ni mheshimiwa anayetaka kupigwa picha.

WENGINE WASIMAME WAPI?

Dereva mmoja hukusanya watazamaji thelathini. Watoto ndio wa kwanza. Kabla injini haijawashwa, chorea mstari mchangani na kuweka mtu mzima wa kuulinda. Na kuna mahali panne ambapo mtu asisimame kamwe.

Mahali pa kwanza ni kiunoni mwa mashine, penye kile kiungo cha katikati. Dereva akigusa usukani, nafasi ile hufungwa kama mkasi. Mtu anayesimama pale ili aongee na dereva hana nafasi ya kutoka. Mashine nyingi zina chuma cha kufungia kiungo hicho. Kifungwe wakati wa matengenezo na wakati mashine inasafirishwa kwa feri au lori.

Mahali pa pili ni chini ya mkono ulioinuliwa. Mkono husimama juu kwa nguvu ya mafuta tu. Mpira ukipasuka, unashuka wote mara moja. Anayetaka kufanya kazi chini yake aweke kwanza kizuizi cha chuma kilichokuja na mashine.

Mahali pa tatu ni kati ya mzigo na kitu kisichosogea, kama ukuta, jiwe au boti. Hapo ndipo alipokuwa kijana wetu.

Mahali pa nne ni nyuma ya mashine, ambapo dereva hakuoni.

Ishara zitolewe na mtu mmoja peke yake, na dereva amwangalie huyo tu. Lakini ishara ya "simama" yaweza kutolewa na yeyote, hata na mtoto. Dereva akiiona asimame kwanza, maswali baadaye. Siku ile fundi wa boti alitupa ishara hiyo kwa mdomo, na sisi tukamjibu kwa jeuri.

Neno moja juu ya mpira wa haidroliki. Ukivuja, msitafute tundu kwa kidole. Mafuta hutoka kwa nguvu nyingi kiasi cha kupenya ngozi kama sindano. Tumieni kipande cha katoni. Mtu akipenywa, hata kama kidonda ni kidogo kama cha mwiba na hakiumi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo na aseme ni mafuta ya haidroliki. Akingoja anaweza kukosa mkono.

KAMA HAKUNA MASHINE

Vijiji vyetu vingi havitaona mashine hii karibuni, na hata ikija haiwezi kufika kila mahali. Lakini nyenzo tulizo nazo si haba.

Mtaimbo. Chukueni mtaimbo wa sentimita 150. Wekeni jiwe la kuegemea sentimita 15 kutoka kwenye ncha iliyo chini ya mzigo. Upande wenu unabaki na sentimita 135. Gawanyeni 135 kwa 15, mnapata 9. Mtu akikandamiza kwa uzito wa kilo 40, ncha ile inanyanyua kama kilo 360. Tatizo ni kwamba mzigo unapanda kidogo tu. Basi kila unapopanda, mwingine asukume kipande cha mbao chini yake, akitumia kijiti, si vidole. Pandeni kidogo, wekeni mbao, pandeni tena.

Mabomba au magogo ya duara. Wekeni mbao mbili ndefu kama reli, juu yake mabomba matatu au manne, juu yake mzigo. Watu wanne husukuma kitu ambacho kumi wasingekibeba. Bomba linalobaki nyuma linachukuliwa na kuwekwa mbele. Penye mlima fungeni kamba kwenye mti, izungusheni mara mbili shinani, na mtu mmoja aivute kadiri mzigo unavyopanda. Watu wakichoka, kamba inashika. Hakuna mtu anayesimama upande wa chini.

Mgongo. Mfuko wa simenti ni kilo 50, na gunia la mahindi la kawaida ni kilo 90. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipendekeza tangu 1967 kwamba mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima peke yake usizidi kilo 55, na wa wanawake uwe chini ya huo sana. Kwa hiyo gunia la kilo 90 ni la watu wawili, au ligawanywe mara mbili. Msione aibu. Mnapoinua, sogeeni karibu na mzigo, kunjeni magoti, mgongo unyooke, kamateni kwa viganja vizima, nyanyukeni kwa nguvu za mapaja. Mkitaka kugeuka, geuzeni nyayo, msipinde kiuno huku mzigo uko mikononi. Ajabu ni kwamba mgongo wa mtu una tabia ile ile ya trekta: ukikunjika kiunoni chini ya mzigo, ndipo unaposhindwa.

AJALI IKITOKEA

Zimeni injini. Mzigo uliomlalia mtu unyanyuliwe kwa mtaimbo na mbao, usiburutwe juu yake. Panapotoka damu nyingi, kandamizeni kwa kitambaa safi, bila kuachia. Mguu uliovunjika ufungwe pamoja na ubao, usinyooshwe kwa nguvu. Mgonjwa abebwe juu ya ubao mpana au mlango, si mgongoni kwa mtu. Kabla kazi yoyote nzito haijaanza, mjue boti ipi ina mafuta na nani ataiendesha. Sisi siku ile tulitafuta petroli kwa karibu saa nzima huku kijana akilia.

SHERIA NA HAKI

Wengi hudhani sheria za kazi ni za viwanda vya Nairobi. Sivyo. Kenya ina sheria mbili za mwaka 2007, moja ya usalama na afya kazini, nyingine ya fidia kwa walioumia kazini. Ya kwanza inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumuumiza. Ya pili inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake, na aripoti ajali. Kamati ikimlipa mtu kupakua boti, kamati hiyo isiseme "sisi ni kikundi tu." Ulizeni ofisi ya kazi iliyo karibu kabla ya kuanza mradi, na wekeni gharama ya bima kwenye bajeti kama mnavyoweka ya misumari.

Sisi hatukuwa na bima. Tulichanga. Mchango ulilipa hospitali lakini haukulipa miezi mitano. Hilo tunalisema wazi ili lisirudiwe.

NA MKATE WA WABEBAJI JE?

Kuna jambo lingine ambalo halikuhusu chuma. Trekta lilipofika, wabebaji wa bichini walinuna, na baadhi yao walikuwa wajane wanaosomesha watoto kwa kubeba simenti. Mmoja alituuliza: "Mmetuletea maendeleo au mmetuletea mshindani?"

Tulikaa nao na wazee wa bichi. Tukaona kwamba mashine inahitaji watu pia: wa kutengeneza njia, wa kupanga mzigo juu ya jukwaa la mbao, wa kutoa ishara, wa kulinda mstari, wa kupeleka mzigo kule mashine isikofika. Tukakubaliana kwamba wabebaji wa bichi ndio watakaoitwa kwanza kwa kazi hizo, na kwamba malipo yahesabiwe kwa mzigo uliofika salama, si kwa wingi wa kilo mgongoni. Si kila mtu aliridhika. Lakini tuliongea kabla, si baada.

KINU CHA PILI

Mwaka uliofuata kinu cha pili kilifika, uzito karibu ule ule. Tulikwenda kwa yule fundi wa boti, tukamwomba radhi kwanza, kisha tukamwomba aongoze kazi. Alitazama bichi, akatikisa kichwa. "Trekta lifanye kazi juu, penye barabara. Hapa chini tutatumia mbao."

Mbao mbili zikalazwa kutoka ukingo wa boti hadi nchi kavu, mabomba manne juu yake, kamba shinani mwa mti. Fremu ya kinu ilikuwa imefunguliwa, injini peke yake, kinu peke yake. Kila kimoja kilipanda polepole. Mzee hakupaza sauti hata mara moja. Juu barabarani trekta likapokea, likiwa limenyooka, uma umeingia mpaka mwisho, mzigo shubiri moja kutoka ardhini. Kazi yote ilichukua karibu saa tatu. Mwaka wa kwanza tulikuwa tumetaka iishe kwa dakika ishirini.

Kijana yule wa mguu alikuwepo. Anachechemea kidogo. Yeye ndiye aliyeshika bendera ya ishara, na aliposema "simama", watu wote walisimama, hata wale waliokuwa wakinywa chai.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Tajeni mizigo mitatu mizito inayofika bichini kwenu. Kila mmoja una kilo ngapi? Nani anajua, na nani anakisia?

2. Mashine na dereva ni kilo 1,200, uzito uko sentimita 50 nyuma ya magurudumu ya mbele inapokuwa imekunjwa. Mzigo uko sentimita 120 mbele. Itainuka nyuma kwa kilo ngapi? Kwa kazi ya ndoo mtabeba kilo ngapi tu? (Majibu: 500 na 250.)

3. Katika hadithi yetu, ni makosa mangapi yaliyofanyika kabla mzigo haujanyanyuliwa? Yaandikeni.

4. Je, kwenu mtoto au mzee akisema "simama", kazi inasimama? Kama haisimami, kwa nini?

5. Mashine ikija kijijini, nani atapoteza kibarua? Mmeshaongea naye?